Ujira Usilale Kwako

Neno la wiki: Yakobo 1:22, Kumbukumbu la Torati 24:14-15

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mstari wa Yakobo 1:22 karibu sote tunaujua kwa kichwa: "Lakini iweni watendaji wa neno, wala si wasikiaji tu, hali mkijidanganya nafsi zenu." Kila mhubiri akiufikia ana mifano yake ya utendaji: kufunga, kushuhudia, kutoa zaka. Yote ni mema. Ila Yakobo hakutuachia kazi ya kutafuta mifano. Endelea na waraka wake: sura ya 2 kuna ndugu mwenye njaa anayeagwa kwa maneno matamu bila kupewa kitu, na sura ya 5 kuna mashamba yaliyovunwa, wavunaji wakaondoka mikono mitupu, na ule ujira uliozuiliwa kwa hila "unapiga kelele". Waraka wenyewe una sura 5 tu. Aliyeanza kwa kutuambia tutende, kabla hajamaliza anataka kujua kama kibarua amelipwa.

Na hakuyatoa hewani. Walawi 19:13 imeagiza kwamba ujira wa aliyeajiriwa usikae kwako usiku kucha hata asubuhi. Shuka mistari mitano tu, 19:18, unakutana na "umpende jirani yako kama nafsi yako", mstari ambao Yakobo anaunukuu katika 2:8 na kuuita sheria ya kifalme. Tumezoea kuimba huo wa 18 na kuuruka wa 13, kana kwamba viliandikiwa watu tofauti.

Kumbukumbu la Torati inaongeza sababu: "mpe ujira wake kwa siku yake, wala lisichwe jua juu yake, kwa maana ni maskini, moyo wake umeutumainia huo". Anayepokea mshahara benki kila mwisho wa mwezi anaweza kuusoma mstari huu na usimguse. Kwa saidia fundi ni habari ya kila jioni. Amechanganya zege tangu asubuhi, amenawa miguu kwenye pipa la saiti, amebadilisha shati, na sasa anazungukazunguka karibu na rundo la matofali akijifanya anatafuta koleo, kwa sababu kudai kunatia aibu. Mwenye nyumba anatoka na simu sikioni: "Kijana, leo mambo hayajakaa sawa. Njoo kesho." Ameshamaliza, anawasha gari. Lakini kwa kijana ile kesho ni unga nusu kilo, mafuta ya kupima na mkaa wa kopo ambavyo usiku huu havitafika nyumbani, na Mangi wa dukani ameshamwambia daftari lake limejaa. Hana akiba ya kumvusha usiku mmoja. Torati inalijua hilo, ndiyo maana mpaka ukawekwa kwenye kuchwa kwa jua, si mwisho wa wiki. Hata ile "njoo kesho" Biblia imeinukuu: Mithali 3:28 inakataza kumwambia jirani "Nenda, urudi halafu, na kesho nitakupa", nawe unacho.

Katika mfano wa Bwana Yesu wa shamba la mizabibu, Mathayo 20, tunabishana sana kuhusu wale walioajiriwa saa kumi na moja. Sawa, ndiko mfano unakoelekea. Lakini ilipofika jioni mwenye shamba alimwita msimamizi na kumwambia awalipe, na hata waliokuja kunung'unika, walinung'unika wakiwa na dinari yao mkononi.

Yeremia ndiye aliyenishtua zaidi wiki hii. Sura ya 22 anamkemea mfalme Yehoyakimu aliyejijengea jumba pana, lenye madirisha na mbao za mierezi, kwa jasho la watu asiowalipa. Kisha anamkumbusha baba yake, Yosia, ambaye alikula na kunywa vizuri tu, lakini akawatendea haki maskini na wahitaji. Na Mungu anauliza, je, huko siko kunijua mimi? Tunaoomba kila Jumapili tumjue Mungu zaidi tumeshajibiwa humo, ingawa jibu hilo sijaona likiandikwa kwenye bango la mkesha.

Sasa tuje nyumbani. Dada wa kazi anaambiwa, "Hela yako nakuwekea, usije ukaichezea." Kama mwenyewe hajaomba kuwekewa, hiyo si akiba yake, ni mkopo umejikopesha bila ridhaa yake. Na kanisani je? Tunatangaza mchango wa ujenzi kwa vigelegele, na mlinzi anayekesha getini tukiwa tumelala tumemwambia avumilie hadi harambee ipite. Afadhali ukuta ubaki bila lipu. Kwa wanaoajiri, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hapa Tanzania nayo inataka mshahara ulipwe siku iliyokubaliwa, saa za kazi. Itakuwa ajabu tukimwogopa afisa wa kazi kuliko Bwana wa majeshi.

Najua wapo watakaosema: na mimi sijalipwa, nitoe wapi? Ni kweli, wengi wetu tunasubiri malipo ya watu wengine. Basi mwambie asubuhi, kabla hajashika koleo, kwamba leo huna. Atachagua mwenyewe kubaki au kwenda kutafuta kwingine. Kumwacha amalize kazi ndipo umweleze shida zako ndiyo ile hila aliyoisema Yakobo. Na kama unayo nusu, mpe hiyo nusu jua halijazama, umtajie na siku ya kumalizia. Ukituma kwa simu, weka na ya kutolea.

Yapo pia madeni ya zamani: fundi wa mageti aliyechoka kupiga simu, mama aliyefua nguo wiki ile ya msiba. Zakayo hakungoja kudaiwa. Alisimama mbele ya Yesu akataja kurudisha mara nne. Namba ya fundi yule ikiwa haipatikani, muulize aliyekuletea. Mafundi wanajuana.