Sauti ya Mama kutoka Chumba cha Ndani

Juzi binti yangu alisikiliza ujumbe wa sauti wa bibi yake, akaniuliza, "Baba, mbona leo Bibi yuko mbali?" Bibi alikuwa sebuleni mwake kama kawaida, simu mkononi, ila mazulia na mapazia yalikuwa yametolewa ili kuta zipakwe rangi. Nikaikumbuka ile nyumba ya Shangani, Unguja, tulimopiga filamu, mimi nikishughulikia sauti.

Katika filamu yetu, mama humwita binti yake kutoka chumba cha ndani. Pikipiki za uchochoroni ziliharibu sauti ya siku ya kupiga picha, hivyo mwigizaji aliyarudia maneno studio, katika kibanda kilichozungushiwa magodoro. Sauti ilitoka safi, lakini ilikataa kwenda mbali: kila tulipoipunguza, mama alinong'ona tu sikioni mwetu. Ndani ya nyumba, anayeita akizidi kuwa mbali, sauti inayotujia moja kwa moja kutoka kinywani mwake hufifia, ilhali ile inayorudishwa na kuta hubaki karibu palepale, na sikio hupima umbali kwa uwiano wa hizo mbili.

Tukafuata njia ambayo Walter Murch, msanifu wa sauti za filamu wa Marekani, aliitumia katika filamu ya American Graffiti ya mwaka 1973, ya kupiga sauti kwa spika mahali halisi na kuirekodi upya. Tulirudi usiku, mji ulipotulia. Spika nikaiweka chumba cha ndani, maikrofoni ukumbini. "Zuhura! We Zuhura!" Wito uligonga kuta nene za mawe na chokaa, ukapita chini ya boriti, ukazunguka milango miwili, ukatufikia ukiwa umepoteza ukali wake wote na kubeba nyumba nzima. Bi Mkubwa mwenye nyumba, aliyeketi nasi akijua vyema tunachokifanya, aliinuka na kuitika, "Abee!" Alisimama kitambo akiutazama ule mlango, na hakuna aliyethubutu kuzima mashine.

Filamu ilipoonyeshwa uwanjani, mama alisikika mbali kama tulivyokusudia. Katika ukumbi wa saruji wenye mwangwi wake, wahusika wote walisikika mbali, hata waliokaa kitanda kimoja. Tangu hapo hupunguza mwangwi kidogo nikiuhofia ukumbi nisioujua, lakini siridhiki, kwa kuwa anayetazama kwa spika za masikioni hupewa nyumba ndogo kuliko ile aliyoitikia Bi Mkubwa.