Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa moyo kwenye vilima vya Bukavu

Saa 12:30 asubuhi. Nashuka Kadutu kwa miguu. Wamama wanapanda na magunia mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Mji huu wa vilima hunisaidia kazi: mlima humpima mtu kabla hajanifikia.

Saa 2. Papa wa miaka 58, mwashi. Nilipomuuliza panapouma, hakunyoosha kidole. Alikunja ngumi akaiweka katikati ya kifua. Kinambana akifika nusu ya mlima, akisimama dakika tano kinaachia. Miezi minne amemeza dawa za vidonda vya tumbo, na vidonda vya tumbo havingojei mtu apande mlima! Nikamweleza kwa kazi yake: mafuta hujengeka ndani ya ukuta wa mishipa inayoulisha moyo, kama lipu juu ya lipu, mpaka njia inakuwa finyu. Ukikaa, damu inatosha. Ukipanda, moyo unadai zaidi na haipiti.

Nikampaka jeli, nikambandika vikombe vya mpira kifuani. Karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo ikatoka safi. Haikunituliza hata kidogo, maana aliyelala moyo wake haudai kitu. Daktari naye hakuiamini. Akamwanzishia aspirini, dawa ya kupunguza mapigo na ya kolesteroli, na kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana.

Saa 5. Mama wa miaka 63, ana kisukari. Jasho jembamba, kichefuchefu, amelegea. Kifua hakimuumi. Binti yake alidhani ni malaria. Wenye kisukari, hasa wamama, moyo unaweza kuwashika bila maumivu, kwa hiyo sikungoja: ndani ya dakika kumi karatasi ilikuwa mkononi, na mistari imenyanyuka. Donge la damu limeziba mshipa. Tukampa aspirini ya miligramu 300 atafune.

Nikamuuliza binti ilianza lini. Jana saa 4 usiku. Nikahesabu kwa vidole, saa 13. Dawa ya kuyeyusha donge hufaa ndani ya saa 12 za mwanzo, tena mapema ndiyo bora. Tulimlaza, tukampa tulichoweza, na anapumua. Lakini usiku ule mzima misuli ya moyo wake ilikuwa inakufa, na kituo cha afya kipo mtaani kwao.

Saa 7. Bugali na sambaza, visamaki vya ziwani, harakaharaka.

Saa 8. Marudio. Papa aliyekuwa mbeba mizigo sokoni, moyo ulimshika mwaka jana. Amekuja na karatasi yake ya zamani kwenye mfuko wa plastiki. Wino umefifia, imebaki nyeupe. Miguu imevimba, analalia mito mitatu ili apate pumzi. Aliacha dawa alipojisikia nafuu, kama wengi wanavyofanya.

"Dada, ile sehemu iliyokufa haioti tena?"

"Haioti, papa. Inabaki kovu. Dawa inalinda iliyobaki."

Akanyamaza. Kisha akasema kinachomuumiza ni kukaa mlangoni akimwangalia mke wake anapanda na gunia ambalo lilikuwa lake. Sikuwa na kidonge cha hilo. Nilikaa naye, foleni ikasubiri.

Saa 11 jioni. Njiani kurudi, mama mmoja amesimama katikati ya mlima, mkono kifuani.

"Mama, ni mzigo au ni kifua?"

"Ni kamba tu, dada, imeteleza."

Nikashika gunia kwa chini mpaka akaiweka sawa, tukapanda pamoja. Nilikuwa nasikiliza pumzi yake.