Kabla Hajaonana na Washitaki Wake

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimelemewa na maneno ya Festo katika Matendo 25:16. Liwali yule hakumjua Kristo, lakini alikataa kumtoa Paulo kabla hajaonana na washitaki wake uso kwa uso na kupewa nafasi ya kujitetea. Zaidi ya miaka 1,400 baadaye, waamuzi waliohukumu kwa jina la Kristo waliwanyima watu haki hiyo.

Ni Inkwizisheni ya Hispania, mahakama ya kanisa iliyowasaka waliobatizwa walioshukiwa kuiacha imani au kushika dini nyingine kwa siri, iliyoruhusiwa na Papa Sixtus IV mwaka 1478 na kufutwa kabisa 1834. Miaka ya mwanzo, maofisa wake wakiingia mjini walitangaza siku za rehema, 30 au 40. Aliyejitokeza kuungama alipunguziwa adhabu, ila ilimbidi awataje na wenzake. Aliyekamatwa mali yake ilizuiwa, na chakula chake gerezani kikalipiwa kwa mali hiyo hiyo. Aliitwa mara tatu kuhimizwa aungame, pasipo kuambiwa kosa. Hata aliposomewa ushahidi, majina ya mashahidi yalikwisha kuondolewa, eti wasije wakalipiziwa kisasi. Aliruhusiwa kuorodhesha maadui zake. Shahidi akiwa miongoni mwao na uadui ukathibitika, ushahidi wake ulitupwa. Lakini nani atamwandika jirani anayemchekea kila asubuhi?

Elvira del Campo wa Toledo alikamatwa mwaka 1567, akiwa mjamzito. Alisemwa kwamba hali nyama ya nguruwe na kwamba Jumamosi hubadili nguo, basi ni Myahudi wa siri. Aprili 1568, akiwa amekwisha kujifungua, aliteswa, na karani akaandika kila kilio. Katika kumbukumbu hizo mama huyu anawasihi wamwambie wanataka aseme nini, naye atasema. Wakazidi kukaza kamba. Alikuwa tayari kukiri, hakujua akiri lipi!

Wapendwa, hatuna kamba wala magereza, lakini ile sauti ya "kuna taarifa zimetufikia" tunayo. Dada anaondolewa kwaya, kaka anazuiwa Meza ya Bwana, na akiuliza kosa lake anaambiwa ajichunguze mwenyewe. Huko ni kumwacha mtu gizani na kumdai toba. Bwana aliagiza katika Mathayo 18 tuanze na mkosaji faraghani, kisha mashahidi wawili au watatu. Kumbukumbu la Torati 19 inawataka waamuzi wafanye maulizo kwa bidii, na shahidi wa uongo apate lile alilokusudia kumtendea nduguye.

Mtoto au mnyonge anayemshitaki mwenye nguvu lazima alindwe, tena sana. Hilo halimzuii mshitakiwa kuelezwa anachotuhumiwa. Wazee wangu, kama kuna muumini mliyemsimamisha bila kumwambia sababu, mwiteni kabla ya Jumapili. Mwelezeni neno kwa neno kilichosemwa, kisha nyamazeni mpaka amalize kujibu.