Nilivyofunga upya betri za Coaster yangu

Coaster yangu ilikuwa daladala kabla sijainunua na kung'oa viti. Sasa ina kitanda, meza na friji dogo la volti 12, maana mimi ni mtaalamu wa mifugo na nalala humo nikifuata minada ya Dodoma na Singida. Chanjo nyingi ninazobeba lazima zikae kati ya nyuzi joto 2 na 8. Friji likizima usiku, kesho yake wafugaji wametoka mbali na mimi sina cha kuwapa.

Fundi alinifungia betri nne za sola, kila moja volti 12, ampea-saa 100 (kipimo cha umeme inaohifadhi), zote sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Friji, taa, feni na kompyuta vinakula kama ampea-saa 80 kwa siku, na betri za aina hii sipendi zishuke chini ya nusu. Kwa hesabu hiyo nilikuwa na umeme wa siku mbili bila jua. Lakini mwezi wa nane, nikiwa Manyoni, friji likazima saa tisa usiku. Nilihamishia chanjo kwenye kasha la barafu gizani, mikono inatetemeka.

Kulipokucha nikazitenganisha betri, nikaziacha zitulie, nikapima moja moja. Tatu zilisoma volti 12 kasoro kidogo. Ya kwanza, 10.4. Nikampigia fundi.

"Kaka, hiyo betri ilikuja mbovu," akasema.

Huenda. Ila nilipopiga magoti na tochi niliona jambo jingine: chanya na hasi za matumizi zote zilitoka kwenye betri hiyohiyo ya kwanza, na chaji ya sola iliingilia hapohapo. Nyingine ziliungwa nyuma yake kwa vipande vya waya mwembamba. Umeme wa betri ya nne ulipita vipande sita kabla ya kufika nje. Kwa hiyo ya kwanza ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa kila siku, miezi yote hiyo.

Sikununua mpya ya kujazia, kwa sababu betri mpya ikifungwa pamoja na zilizochoka huchoka nazo. Nilibaki na tatu, kila moja nikaichaji peke yake mpaka ikajaa. Kisha nikafunga vipande viwili vya shaba kwenye ubao, kimoja cha chanya na kimoja cha hasi. Kila betri ina waya zake mbili za milimita za mraba 35 hadi kwenye shaba, zote sentimita 60. Betri ya karibu ingetosha na 20, lakini sikukata. Uliozidi nimeukunja pembeni. Urefu ukilingana, mzigo nao unalingana. Fyuzi ya ampea 150 iko kwenye chanya, palepale inapoanzia, na spana nilizungushia tepu ya umeme mpaka karibu na mdomo, kwani ikigusa chanya na hasi kwa pamoja inaweza kugandia hapo ikiwa nyekundu. Betri za kuwashia gari sikuzigusa kabisa.

Friji lilipoanza kuunguruma nikapitisha klampu mita, kipimo kinachobana waya na kusoma ampea zinazopita, kwenye waya wa kila betri: ampea 1.4, 1.3, 1.4.

Wiki iliyofuata nilikuwa Itigi, mawingu kutwa nzima. Alfajiri nikafungua friji: nyuzi 4.