Kliniki ya Jumatano: nilivyojifunza kuzungumza na wagonjwa wangu kwa simu

Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya kimoja cha Wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa Pemba, na kila Jumatano nasimamia kliniki ya sukari na presha. Kilichonisukuma kwenye mitandao ya kijamii ni jambo la kawaida mno, nalo ni kwamba watu hawarudi. Mgonjwa hupewa vidonge vya mwezi, vikamalizika naye akijihisi mzima. Hapo msimu wa karafuu umeingia, au wavuvi wamekwenda dago, kwenye kambi zao za uvuvi za mbali, na tukija kumwona tena ana kidonda kisichopona au ameletwa akiwa amepooza upande mmoja.

Nilianza vibaya. Nilifungua ukurasa wa Facebook wa kliniki, nikaandika makala ndefu kuhusu kongosho na insulini, nikaweka na picha ya sahani iliyogawiwa mafungu ya wali, mboga na samaki. Makala ilipendwa sana, lakini nilipoyapitia majina ya walioipenda niliwakuta wauguzi wenzangu niliosoma nao pamoja na Wapemba wanaoishi Muscat na Dubai. Mgonjwa wangu hakuwamo hata mmoja. Jambo nililopaswa kulifanya mwanzo nikalifanya baadaye: Jumatano iliyofuata nilichukua daftari, nikapita kwenye benchi la foleni nikimuuliza kila mmoja anatumia simu gani, ni ya nani, na kama hupendelea kusoma au kusikiliza. Wengi walikuwa na simu za kitochi, na waliokuwa wakiipata WhatsApp waliipata kwenye simu ya mtoto au mjukuu. Baadhi ya wazee husoma maandishi ya Kiarabu bila taabu kwa sababu walipita chuo cha Kurani, ilhali herufi za Kirumi kwenye kioo kidogo, kwa macho ambayo sukari imeshayatia ukungu, zinawashinda. Sauti, hata hivyo, kila mmoja anaisikia.

Basi nikaunda kundi la WhatsApp, na hilo likawa kosa langu la pili, tena kubwa kuliko la kwanza. Haikupita wiki mbili mgonjwa mmoja alituma picha ya kidonda chake kikiwa wazi, watu wote wakaiona; mwengine akawa anatangaza dawa ya chupa inayomaliza sukari kwa siku saba; na mama mmoja akanijia akilalamika kwamba anapigiwa simu usiku na mwanamme asiyemjua, aliyeipata namba yake humo kundini. Alikuwa na haki ya kukasirika. Katika kundi la namna ile kila aliyemo anaziona namba za wenziwe, na kuwamo kwenyewe kunatangaza kuwa mtu ana sukari au presha. Mimi ambaye nisingethubutu kulisoma daftari la kliniki kwa sauti barazani nilikuwa nimelifanya hilo hilo kwa simu. Nililivunja kundi siku ile ile na kumwomba radhi kila mmoja uso kwa uso.

Nilichokishika baada ya hapo ni orodha ya matangazo, ambayo imo ndani ya WhatsApp hiyo hiyo. Ujumbe unarekodiwa mara moja, unamfikia kila mtu peke yake kama aliyeandikiwa yeye tu, na akijibu, jibu linakuja kwangu pekee. Ina mtego wake mmoja, nao ulinipotezea karibu miezi miwili: ujumbe haumfikii mtu ambaye hakuihifadhi namba yako katika simu yake. Nilikuwa nikiwanung'unikia wagonjwa kwa kupuuza, mpaka mzee mmoja aliponipa simu yake niitazame, nikakuta namba yangu haimo kabisa na hakuna ujumbe hata mmoja uliofika. Tangu siku ile kuhifadhi namba ni sehemu ya kumwandikisha mgonjwa, na tunaihifadhi kwa jina la "Kliniki Jumatano", bila ya kutaja maradhi.

Katika daftari niliongeza pia swali ambalo sikulisoma chuo cha uuguzi: nani mwengine huisikiliza simu hii? Mama mmoja aliniambia waziwazi kwamba hataki mke mwenziwe ajue kuwa ana sukari. Yeye hapati nasaha yoyote ya chakula kwa simu. Husikia tu, "Bibi, Jumatano tunakusubiri inshallah," na hayo yanatosha kumleta. Asiyetaka kutumiwa kitu hatumiwi, na aliyekubali akibadili mawazo humfuta hapo hapo mbele yake.

Sauti yenyewe nayo ilihitaji kufunzwa. Ujumbe wangu wa mwanzo ulikuwa wa dakika nne, na bi mkubwa mmoja alinipa hukumu yake akiwa anapimwa presha: "Mwanangu, unasema kama unayesoma taarifa ya habari, mimi hungoja nisikie bei ya karafuu." Siku hizi sizidishi dakika moja, nazungumza jambo moja tu, na kwa maneno yale yale ninayoyatumia kwenye benchi.

Mwezi unaonipa maswali mengi kuliko yote ni Ramadhani. Kliniki za sukari hushauri mgonjwa anayekusudia kufunga aonwe wiki sita hadi nane kabla, ili dawa zipangwe upya baina ya futari na daku, na kwa wengine ili waambiwe kwa upole kwamba mwili wao hauwezi. Kwa hivyo naanza kuwaita tangu mwanzo wa Rajabu. Nawaeleza kwamba wasijibadilishie dozi wenyewe, na kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L kwenye kipimo, au ikipanda juu ya 16.6, saumu ifunguliwe hata kama imebaki nusu saa magharibi iingie. Hilo la mwisho halikuwaingia likitoka kwangu. Nilimwendea imamu wa msikiti wa jirani, nikamweleza, naye akakubali kurekodi mwenyewe kwamba mgonjwa ana ruhusa, na kwamba kutoboa kidole kwa ajili ya kupima hakubatilishi saumu. Ujumbe wake ulijibiwa na watu wengi kuliko wangu wowote, nami sikuona wivu, au niseme niliona kidogo.

Uvumi siupigii kelele. Ulipozagaa ujumbe kwamba mdalasini unatosha badala ya vidonge, nilirekodi maneno machache: chai ya mdalasini inyweni mkiipenda, vidonge msiviache, na anayetaka kujua kipi kinamfaa aje tumpime. Walikuja.

Kuna usiku mmoja niliogopa kwelikweli. Niliamka alfajiri nikakuta ujumbe wa saa saba za usiku: bibi anatetemeka, anatoka jasho, haeleweki anachosema. Mjukuu alikuwa amenisubiri mimi nijibu. Alhamdulillahi, jirani aliwahi kumnywesha maji ya sukari, vijiko vitatu vya chai, akazindukana. Tangu hapo simu ya kliniki inajijibu yenyewe baada ya saa kumi jioni kwamba hakuna anayesoma, na kwamba mwenye dalili za hatari akimbizwe hospitali, asiandike. Ninasema simu ya kliniki kwa sababu niliacha kutumia yangu siku mwanangu alipokuwa akitafuta picha za Sikukuu na kukutana na mguu wa mtu. Kumbe picha zilikuwa zikijihifadhi zenyewe; nimekizima kitu hicho, na picha ikishaandikwa katika faili la mgonjwa naifuta.

Picha hata hivyo zina faida. Mvuvi mmoja aliyekuwa dago alinitumia ya unyayo uliochanwa na jiwe la baharini, akaongeza kwamba hauumi na atakuja Jumatano. Kutouma ndiko kulikonishtua, kwa sababu mishipa yake ya fahamu miguuni ilikuwa imeshakufa ganzi. Nilimpigia nikamwambia apande chombo leo leo. Mguu anao.

Wenye simu za kitochi nawapigia Jumanne baada ya laasiri, na wasio na simu kabisa hupitiwa na mhudumu wa afya wa jamii wa shehia yao.

Ukurasa wa Facebook sikuufuta. Wale wa Muscat waliokuwa wakinipendea makala ndio wanaowapigia wazee wao kuwauliza kama wamekwenda kliniki, na baadhi yao huleta vijiti vya kupimia sukari wanaporudi likizo. Binti mmoja aliniandikia kutoka huko akitaka namba ya sukari ya mama yake, nikamjibu kwamba sitoi mpaka mwenyewe aridhie. Jumatano nikamuuliza mama. Alicheka mpaka akaushika ushungi. "Mwambie," alisema, "lakini ile haluwa niliyokula Sikukuu usimtajie."