Namficha nani?

Ushauri mwingi wa faragha ninaousoma huanza na makampuni makubwa ya Marekani. Miye hapa Chake Chake naanza na fundi simu. Kioo kikivunjika, fundi anataka paswedi "nijaribishe kidogo", kisha simu inashinda mezani kwake mpaka alasiri, na vijana waliokaa hapo wote wana macho. Simlaumu mtu, ndivyo kazi ilivyo.

Ndiyo maana laptopu hii, ThinkPad kuukuu iliyokuja na boti kutoka Unguja, kitu cha kwanza nilichoitia ni LUKS, kufuli la paswedi la diski nzima. Hiyo unaichagua wakati wa kuweka Linux, mfumo ninaotumia badala ya Windows. Ukisema utaitia baadaye, unajitafutia kazi. Ikizimwa, diski haisomeki bila paswedi. Ikilazwa tu, ufunguo wa diski unabaki kwenye kumbukumbu ya laptopu, basi kabla ya kupanda boti naizima kabisa. Na ukisahau paswedi hakuna wa kumpigia. Yangu ipo kwenye karatasi, dada ameifungia kwenye sanduku lake la kanga, na hajui hata ni ya nini.

Katika aina za Linux nimeweka Debian 13. Toleo lake thabiti hukaa kama miaka miwili bila kubadilika sana, apdeti zake nyingi ni za usalama tu, na sisi wa bando tunalihisi hilo. Halafu ina adabu: wakati wa kuiweka inakuuliza kama upo radhi itume takwimu za programu unazotumia, na jibu lililowekwa tangu mwanzo ni hapana.

Bando ndilo linaloniuzia hoja. Ukimwambia mtu anafuatiliwa na watangazaji, atakucheka: "Kwani una siri gani, mwanangu?" Mwekee kivinjari cha Firefox chenye uBlock Origin, kizuizi cha matangazo, aone kurasa zinavyofunguka haraka na MB zinavyodumu, hakuulizi tena. Chrome yenyewe imeshaitupa uBlock Origin kamili. Iliyobaki ni ndogo yake, Lite.

Kwenye simu nimekwenda nusu njia. GrapheneOS, Android iliyoondolewa mambo ya Google, inasifiwa, na kwa haki, lakini inakaa kwenye simu za Pixel tu, kwa hiyo anayeikimbia Google anaanza kwa kununua simu ya Google. Bei yake siiwezi. Nimebaki na Android ya kawaida, programu nyingi natoa F-Droid, duka la programu huria, na laini ya pesa nimeihamishia kwenye kiswaswadu. Si siri hiyo: laini imesajiliwa kwa alama za vidole, na kampuni inaona kila shilingi inayopita. Ila pesa hazimo tena kwenye simu wanayochezea watoto.

WhatsApp imebaki. Tangu 2016 ujumbe wake unafungwa njia nzima kwa mbinu ya Signal, programu nyingine ya ujumbe, lakini nani anaongea na nani, na saa ngapi, Meta wenye WhatsApp wanajua. Ningependa kuhama. Lakini kikundi cha ukoo kina watu wa Wete, Unguja na Muscat, misiba inatangazwa humo, na maziko yetu hayangoji mtu: asubuhi anafariki, alasiri keshazikwa. Signal ninaye binamu mmoja tu.

Nilichofanya ni kuinyima WhatsApp ruhusa ya kusoma majina kwenye simu. Sasa ujumbe unaingia na namba tupu. Wengine nawajua kwa namba, wengine kwa wanavyoandika. Shangazi, kwa mfano, hajapata kuandika kwa herufi ndogo.