Mgeni Aliyeuzwa kwa Pauni 2,000

Usiku huu usingizi umenipaa kwa ajili ya mtu aliyekatwa kichwa mwaka 1572. Thomas Percy, bwana mkubwa wa Northumberland, pamoja na Charles Neville wa Westmorland, waliwaongoza Wakatoliki wa kaskazini mwa Uingereza kumwasi Malkia Elizabeth wa Kwanza, Mprotestanti, Novemba 1569. Waliingia kanisa kuu la Durham, wakachana Biblia ya Kiingereza, wakasomesha misa. Jeshi la malkia liliposogea, mambo yakaharibika, na kabla Desemba haijaisha walikuwa wamevuka mpaka wa Uskoti.

Huko ndiko ninakokwama. Walikimbilia Liddesdale, bonde la koo zilizoishi kwa kuiba ng'ombe pande zote mbili za mpaka. Neville akabadilishana nguo na mwizi mmoja, Jock wa Side, asijulikane. Anne, mke wa Percy, aliachwa kwenye kibanda cha huyo Jock. Kamanda wa malkia aliandika kwamba mabanda mengi ya mbwa Uingereza yalikuwa na nafuu. Naye Percy alijikabidhi kwa jambazi wa mpakani, Hector wa Harlaw, na Hector akamtoa kwa Moray, aliyeitawala Uskoti kwa niaba ya mfalme mtoto. Akafungwa kwenye ngome ya Lochleven, katikati ya ziwa.

Januari 1570 Moray akapigwa risasi, akafa, lakini mfungwa hakuachiwa. Zikaanza hesabu. Anne, aliyekuwa ameshatorokea Flanders (Ubelgiji ya leo), alihangaika kutafuta fedha za kumkomboa mumewe. Elizabeth naye alimtaka. Mwishowe Waskoti wakamtoa kwa malkia kwa pauni 2,000, na kinara wa biashara hiyo alikuwa Morton, bwana mkubwa wa Kiskoti, ambaye mwaka 1566 yeye mwenyewe alikuwa mkimbizi Uingereza! Mtu aliyewahi kuhifadhiwa ugenini, leo anauza mgeni. Hector angalau alikuwa jambazi, wala hakujifanya vingine. Percy alichinjwa York tarehe 22 Agosti.

Neville alipata wenyeji wa namna nyingine. Kerr wa Ferniehirst, bwana wa Kiskoti wa mpakani, alimficha, na Aprili 1570 majeshi ya Uingereza yalipovuka mpaka na kuchoma vijiji vya Teviotdale, bado hakutolewa. Akavuka bahari hadi Flanders, akazeekea huko kwa posho ya mfalme wa Hispania. Alifariki mwaka 1601. Wakati huo ngome yake ya Raby huko Uingereza ilikuwa mali ya serikali, na Elizabeth bado alikuwa kwenye kiti chake.